Mgeni Hewa na Arbuni ya Hema

Jioni ya Ijumaa Kuu, miaka michache iliyopita, nilikuwa nimeketi kwenye benchi la kambi ndogo kando ya Ziwa Naivasha, nikimsaidia mwenye kambi kunyoosha hesabu zake. Ni mwalimu mstaafu, na kila mtu humwita Mwalimu, hata mgeni wa siku ya kwanza. Daftari lake la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha nyuma ya jalada, lilikuwa na mistari 12 iliyojaa: nafasi 12 za hema, majina 12. Saa kumi alasiri Probox ikasimama langoni, hema limefungwa kwenye keria, watoto watatu wamebanana nyuma. Mwalimu akawaambia pole, kumejaa. Wakageuza gari.

Kufikia saa mbili usiku yalikuwa yamesimama mahema manane. Majina manne yaliyobaki tuliyapigia simu moja baada ya jingine. Wawili hawakupatikana, mmoja hakushika, na wa nne alitwambia bila haya kwamba waliona heri waende Nanyuki. Usiku huo viboko walitoka majini wakaja kula nyasi upande wa pili wa waya. Upande wetu nafasi nne zilikesha bila hata kigingi kimoja.

Hawa ndio ninaowaita wageni hewa, kwa mfano wa wafanyakazi hewa tunaowasoma magazetini: kwenye orodha wapo, kwenye nyasi hawapo. Mwalimu alifunga daftari akaapa kwamba kuanzia siku hiyo hakuna atakayewekewa nafasi bila kulipa kitu kwanza, awe nani. Nilimwelewa, ila sikukubaliana naye, na mabishano yetu ya usiku ule ndiyo yaliyonifanya nilichunguze jambo hili kama mtu wa hesabu.

Tuanze na hasara yenyewe. Tuseme kila mgeni hulipa Sh1,000 kwa usiku na kila hema lina watu watatu. Nafasi nne tupu usiku wa Ijumaa Kuu ni Sh12,000 zilizopotea, kwa sababu ile familia ya Probox ilikuwa tayari kulipa na tukaifukuza. Sasa chukua Jumanne ya mwezi Mei, mvua za masika zinanyesha, kambi ina nafasi 12 na watu wameomba mbili tu. Mmoja wao asipotokea, Mwalimu amepoteza nini? Hakuna aliyerudishwa langoni. Nyasi zilikuwa zibaki tupu tangu mwanzo. Itauma, kwa kuwa tayari alikuwa amezihesabu zile Sh3,000 moyoni, lakini hakuna mgeni mwingine ambaye angezileta. Tofauti ya usiku hizi mbili ndiyo msingi wa hoja yangu: arbuni, yaani malipo ya awali ya kushika nafasi, ina haki pale tu ambapo kumwekea mmoja nafasi kumemnyima mwingine.

Hoteli kubwa zina dawa yao. Huuza vyumba vingi kuliko vilivyopo, kama mashirika ya ndege yanavyouza viti, zikijua kwamba sehemu ya wateja haitafika. Tuseme mteja mmoja kati ya kumi hukosa kutokea, na kila mmoja anaamua kivyake. Hoteli ya vyumba 200 ikipokea maombi 210, uwezekano wa mtu kufika akakosa kitanda ni chini ya 1 kwa 100. Wingi wa wateja husawazisha mambo. Mwalimu akijaribu mchezo huohuo, akawapa watu 13 nafasi zake 12, uwezekano kwamba wote 13 watafika ni robo nzima. Mara moja kati ya nne atakuwa na familia langoni giza linaingia, na hana pa kuiweka. Na hapo nimekuwa mpole, maana wapiga kambi hawaamui kila mtu kivyake: utabiri wa mvua ukitoka Alhamisi, wanaghairi kwa pamoja.

Kwa hiyo mdogo hana ujanja wa mkubwa. Lazima apate njia ya kumfanya aliyesema atakuja aje, au angalau aseme mapema kwamba haji.

Kuna njia nyingine ambayo haigharimu mtu senti, na kwa wikendi za kawaida inatosha. Naivasha iko kilomita 90 hivi kutoka Nairobi. Watu huamka Jumamosi, wakatazama mbingu, wakatia hema garini, na adhuhuri wako ziwani wakiulizia pa kulala. Kambi iliyo karibu na jiji hivyo ina wapita njia, na nafasi iliyoachwa inaweza kupata mwenyewe mpya siku hiyohiyo, mradi mwenye kambi ajue mapema kwamba imeachwa. Alhamisi mtumie kila aliyeweka nafasi ujumbe: bado mnakuja? Mwambie pia kwamba nafasi yake italindwa hadi saa kumi na moja jioni ya siku ya kufika, na kwamba baada ya hapo anayefika ndiye anayepewa. Kule Chalbi au Turkana, ambako hakuna Probox itakayojitokeza kwa bahati, mbinu hii haisaidii kitu, na mwenye kambi aliyenunua maji na mbuzi kwa ajili ya kundi la watu 20 ana kila sababu ya kutaka pesa kabla.

Lakini Pasaka, Krismasi na siku za mashindano ya magari ya Safari Rally si wikendi za kawaida. Mashindano hayo yalirudi katika ubingwa wa dunia mwaka 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, na Naivasha ndiyo makao yake. Mwaka 2024 yalifanyika tarehe 28 hadi 31 Machi, yaani Pasaka yenyewe. Siku kama hizo nafasi moja ya hema hupiganiwa, na atakayefika jioni bila nafasi hana pa kwenda. Hapo ombi la mdomo halitoshi.

Sasa tuitazame pesa yenyewe, na jina lake. Nimetumia neno arbuni makusudi. Limetoka katika Kiarabu, na wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wanalijua kwa umbo la arabuni katika nyaraka za Paulo. Ubaya wake ni kwamba limekaa jirani mno na kitenzi kurubuni, na mtu aliyewahi kutapeliwa nyumba ya likizo ya Krismasi haoni tofauti kati ya hayo mawili. Katika fikihi, yaani sheria ya Kiislamu, neno arbuni lina mabishano ya karne nyingi. Wanazuoni wa Kihanafi, Kimaliki na Kishafii, na pwani yetu wengi ni Washafii, waliikataa arbuni inayobaki kwa muuzaji, wakisema amechukua mali ya mtu bila kumpa chochote. Wahanbali waliikubali. Mwaka 1993 baraza la kimataifa la fikihi lililo chini ya jumuiya ya nchi za Kiislamu lilikutana Brunei likaipitisha, kwa sharti kwamba muda wa kungoja uwekwe bayana, na kwamba biashara ikitimia arbuni ihesabiwe ndani ya bei. Likasema pia kwamba ukodishaji unafuata njia hiyohiyo.

Mwaka huohuo wa 1993, kule London, majaji wa mahakama ya rufaa iitwayo Privy Council waliamua kesi kutoka Jamaika iliyohusu mali iliyouzwa mnadani. Mnunuzi alikuwa ametoa asilimia 25 ya bei kama arbuni, na alipochelewa kumalizia, benki iliyouza ikazishika pesa hizo zote. Majaji wakasema desturi ni asilimia 10, na kwamba aliyezidisha bila sababu maalumu hana arbuni mkononi, ana adhabu. Pesa zikaamriwa zirudi, isipokuwa kiasi cha hasara ambayo muuzaji angeweza kuithibitisha. Naileta kesi hiyo kwa sababu sheria ya mikataba ya Kenya imejengwa juu ya sheria ileile ya Kiingereza, na ndani yake jina la pesa lina uzito. Kilichotolewa kama arbuni, yaani dhamana ya kutimiza ahadi, humpotea anayevunja ahadi hata kama muuzaji hakupata hasara. Kilichotolewa kama sehemu tu ya malipo kinaweza kudaiwa kirudi, baada ya kukatwa hasara ya kweli. Mwenye kambi anayeandika “tuma nusu kwanza” bila kusema nusu hiyo ni nini amejitafutia ugomvi wa bure. Nusu ni kubwa mno kuitwa arbuni, na hakuna alipoeleza kwamba hairudi.

Kiasi gani basi? Hapa Mwalimu nami tulivutana sana. Yeye alitaka bei ya usiku wa kwanza wote, Sh3,000. Mimi nilisema Sh1,000 kwa hema, wakae usiku mmoja au tatu. Familia ya watu watatu inayokaa usiku tatu hulipa Sh9,000, kwa hiyo elfu moja ni kama asilimia 11. Sababu yangu ni kwamba Mwalimu hana haja ya kutajirika kwa pesa za wasiokuja. Anachohitaji ni simu yao. Mtu asiye na kitu rehani hujisahau. Aliye na elfu moja rehani, akijua itarudi akisema mapema, atapiga simu Jumatatu bila kukumbushwa. Elfu tatu zingeleta simu hiyohiyo, lakini zingewafukuza vijana wa chuo wanaochangishana nauli, na hao ndio hujaza kambi Agosti.

Ndiyo maana urejeshaji una uzito kuliko kiasi. Akighairi siku saba kabla, irudi yote. Akighairi baadaye na nafasi ikapata mtu, irudi pia. Sheria inaweza kukuruhusu uishike na bado ulipwe na mgeni mpya, ila huko ni kula mara mbili kwa sahani moja, na Naivasha ni mji mdogo. Kambi yenyewe ikishindwa, kwa mfano ziwa likipanda kama lilivyofanya mwaka 2020 likafunika majani na nyumba za ufukweni, hapo hakuna cha kujadili: pesa ya mgeni irudi yote, siku hiyohiyo.

Na ili irudi, lazima iwepo. Hili ndilo huwaangusha wengi. Arbuni iliyoingia Februari kwa ajili ya Pasaka ni deni, haijawa mapato mpaka mgeni alale. Nimewahi kulipa arbuni mahali fulani, nikafika na familia yangu nikaambiwa nafasi imepewa wengine, na pesa zangu “zitaangaliwa wiki ijayo”. Zilikuwa zimeshakuwa mabati ya jikoni. Niliyaona yaking’aa nilipokuwa nageuza gari. Tenga laini au akaunti nyingine, zikae humo. Pokea kwa nambari ya till ya M-Pesa yenye jina la kambi, kwa sababu mtu anayetakiwa kutuma pesa kwa nambari ya simu yenye jina la Fulani wa Fulani ana haki ya kusita. Tazama salio lako mwenyewe, usiamini picha ya ujumbe wa malipo anayokutumia mgeni. Kumbuka pia kwamba aliyetuma M-Pesa kwa nambari ya mtu anaweza kuomba muamala urudishwe kwa kupeleka ujumbe wa uthibitisho wa malipo kwa 456, na wako wanaofanya hivyo kwa hila.

Pasaka iliyofuata tuliandika ujumbe mmoja tukauhifadhi kwenye simu yake. Wikendi za kawaida hautumiki. Ulisomeka hivi: “Nafasi yako ni ya 7, Ijumaa hadi Jumatatu. Arbuni ni Sh1,000 kwa hema, itakatwa kwenye malipo yako. Ukighairi siku saba kabla, inarudi yote. Baada ya hapo inarudi tukipata mgeni mwingine. Tukishindwa sisi, inarudi yote.”

Watatu walipiga simu kughairi kabla ya siku saba, tukawarudishia, na nafasi zao zikachukuliwa kabla ya Jumatano. Mmoja hakutokea wala hakupiga simu. Elfu yake ilibaki. Mwalimu aliusoma tena ule ujumbe jioni ile, akanirudishia simu akaniambia nimesahau jambo moja, niongeze mwishoni: “Kuni hazimo.”