Kinachorithiwa na Jicho

Jicho la mtoto mchanga ni fupi: kutoka konea, yaani kioo angavu cha mbele, hadi retina, utando wa nyuma unaopokea taswira, lina takriban milimita 17. Kazi ya miaka ya utotoni ni kulirefusha hadi milimita 24 hivi za mtu mzima bila kupitiliza, kwani likizidi kwa milimita moja tu, taswira ya vitu vya mbali huangukia mbele ya retina, ubao wa darasani ukaonekana kwa ukungu, na mtu akahitaji miwani ya lenzi mbonyeo. Hali hiyo ndiyo maiopia.

Urefushaji huu haufuati ratiba iliyopangwa tangu tumboni. Vifaranga waliovishwa lenzi zinazosogeza taswira nyuma ya retina hurefusha macho kuifuata, na hufanya hivyo hata neva ya jicho ikikatwa. Maana yake ni kwamba retina yenyewe, pasipo kusubiri ubongo, hupima ukungu wa taswira na kupeleka ishara za kikemikali kwenye sklera, ganda jeupe la jicho, ili lilegee na kutanuka.

Hapo ndipo jeni zinapoingia. GJD2, iliyomo katika kromosomu ya 15, hutengeneza protini ya vijia vinavyounganisha seli za retina, na kufikia mwaka 2020 maeneo zaidi ya 400 ya jenomu yalikuwa yamehusishwa na kasoro za uoni wa aina hii. Utafiti wa mapacha uliofanyika Uingereza ulikadiria mwaka 2001 kwamba takriban asilimia 85 ya tofauti za uoni baina ya watu hutokana na urithi, kadirio ambalo wengi hulisoma kama hukumu, ilhali halisemi lolote kuhusu yatakayotokea maisha yenyewe yakibadilika. Huko Barrow, Alaska, watafiti waliochapisha matokeo yao mwaka 1969 walikuta maiopia ni adimu mno kwa wazee wa Kiinuiti, lakini imewapata zaidi ya nusu ya vijana wa familia zizo hizo, waliokulia shuleni. Jeni haziwezi kugeuka kwa kizazi kimoja.

Kinachorithiwa, basi, si urefu wa jicho bali wepesi wake wa kuitikia. Jeni ya APLP2 inalionyesha hilo waziwazi: katika utafiti wa mwaka 2015, watoto wenye umbo lake adimu waliosoma saa moja au zaidi kila siku walikuwa na uwezekano mara tano zaidi wa kupata maiopia, ilhali wenzao wenye umbo lilo hilo, waliosoma kidogo, hawakuwa na hatari yoyote ya ziada.