Kitanda Usichokilalia

Mithali yasema: Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ugonjwa nao ni vivyo hivyo. Mganga anajua wadudu waletao ugonjwa, na dawa yake. Lakini wewe unajua nyumba yako, kisima chako, desturi zenu za maziko, na mambo ambayo jirani zako wanayaogopa. Kazi ya afya inahitaji maarifa haya mawili. Yakitengana, watu hufa.

Tuutazame mfano mmoja. Siku ya 1 Agosti 2018 serikali ya Congo ilitangaza kwamba Ebola imeingia Kivu ya Kaskazini. Ugonjwa ulienea Beni, Katwa na Butembo, ukafika na Ituri. Ulikwisha 25 Juni 2020. Watu 3,470 waliugua, na 2,287 kati yao walikufa. Lakini safari hii chanjo nzuri ilikuwapo, na watu zaidi ya 300,000 walichanjwa. Mbona basi ugonjwa ulikaa karibu miaka miwili?

Vita ilizuia kazi, ndiyo. Lakini kulikuwa na jambo lingine: watu hawakuwaamini waliokuja kuwasaidia. Kwa miaka mingi watu wa Beni walikuwa wakiuawa kwa mapanga na bunduki. Ebola ilipokuja, magari ya wageni yakajaa njiani. Watu wakauliza, "Tulipouawa mlikuwa wapi?" Tena, Desemba 2018, uchaguzi uliahirishwa Beni na Butembo, na Ebola ikatajwa kuwa sababu mojawapo. Wengi wakadhani ugonjwa wenyewe ni hila ya siasa. Februari 2019 vituo vya matibabu vya Katwa na Butembo vilishambuliwa. Wagonjwa wengine walijificha nyumbani, wakawaambukiza wale waliowapenda na kuwauguza.

Fikiri juu ya maziko. Maiti ya mtu aliyekufa kwa Ebola ina wadudu wengi sana. Kuiosha au kuigusa ni hatari kubwa. Kwa hiyo ilifungwa ndani ya mfuko na kuzikwa na watu waliofunikwa mwili mzima. Lakini jamaa hawakuona uso wa mtu wao. Uvumi ukaenea kwamba viungo vya maiti vimeibwa. Watu wa Msalaba Mwekundu waliyasikiliza maneno hayo na kuyaandika, kisha ikaletwa mifuko inayoonyesha uso. Jamaa wakaweza kumwona na kumwaga bila kumgusa. Hatari haikuongezeka, na heshima ilirudi.

Vivyo hivyo, vilitengenezwa vyumba vya plastiki ionyeshayo ndani, ili mama amwone mtoto wake mgonjwa. Na watu waliopona Ebola waliwatunza watoto wachanga ambao wazazi wao walikuwa wakitibiwa, kwa maana aliyepona ana kinga mwilini. Ni mambo mepesi. Kama watu wangaliulizwa mapema, yangalijulikana mapema.

Wala usidhani kwamba watu wa kijiji hawana la kufundisha. Ebola ilipoingia Gulu, nchi ya Uganda, mwaka 2000, wazee wa Waacholi walikuwa na kanuni zao za zamani za tauni: mgonjwa akae katika nyumba ya peke yake, atunzwe na mtu aliyekwisha kupona, nyumba iwekwe alama ya matete marefu, watu wasitembeleane wala kucheza ngoma. Mganga gani angezikataa kanuni hizo?

Basi, kuulizwa maana yake nini? Si kuitwa kupiga makofi wakati mambo yote yamekwisha kuamuliwa. Wakija watu na kazi ya afya kijijini kwenu, waulizeni kwa adabu:

1. Je, mmekuja kabla ya kupanga, au baada ya kupanga?

2. Nani hayupo katika mkutano huu? Wako wapi akina mama, vijana, wajane, na wale waliougua?

3. Maneno yetu yatabadili nini, na lini mtarudi kutuambia?

Ninyi pia mna wajibu. Semeni kweli, hata isiyowapendeza wageni. Ukisikia uvumi, usiupeleke kwa jirani. Upeleke kwa mwuguzi, umwulize. Tena fahamu kwamba mambo mengine hayaamuliwi kwa mkutano. Mdudu wa Ebola hasikii shauri la mtu, na maiti yake isiguswe kamwe. Lakini namna ya kumzika marehemu kwa heshima, hilo ni shauri la jamaa na waganga pamoja.

Ukiitwa kwenye mkutano wa afya, nenda. Usipoitwa, uliza kwa nini. Kitanda ni chako.