Michezo ya Mlimani na Ziwani huko Keswick

Leo twapenda kuwaeleza habari za mji mdogo uitwao Keswick, ulioko kaskazini ya Uingereza, katika nchi ya milima na maziwa iitwayo Lake District. Upande wa kaskazini wa mji umesimama mlima Skiddaw, wenye kimo cha futi 3,054. Na upande wa kusini limetanda ziwa Derwentwater, ambalo urefu wake ni kama maili 3. Katika mji huo hufanyika tamasha la milima, kwa desturi katika mwezi wa Mei. Lilianza mwaka 2007.

Watu hukusanyika katika uwanja wa majani uitwao Crow Park, ulio ukingoni mwa ziwa. Wengine hushindana kwa mbio za milimani, fupi na ndefu; wengine huogelea ziwani; wengine huenda kwa baiskeli. Wasioshindana hutembea vilimani, au huketi kuwasikiliza wapanda milima mashuhuri wakisimulia safari zao, na jioni hupigwa muziki.

Mapenzi ya mbio hizo katika mji huo ni ya zamani. Mwaka 1932 mwenyeji wa Keswick, Bob Graham, aliyekuwa na nyumba ya wageni, alitoka mjini akapita juu ya vilele 42, akarudi kabla ya saa 24 kwisha. Hata leo wakimbiaji huijaribu njia yake. Wako wafaulu, na wako washindwao.

Basi, mtu aweza kusema, “Mlima wa futi elfu tatu tu una hatari gani?” Jawabu ni hili. Kila tupandapo futi 1,000, joto hupungua kadiri ya nyuzi 2 za sentigredi. Kwa hiyo kileleni pa Skiddaw ni baridi kuliko mjini kwa nyuzi 5 au zaidi. Tena upepo huvuma kwa nguvu, na wingu laweza kushuka upesi hata mtu asiione njia. Aliyetoka chini katika jua, amevaa shati jepesi, akilowa mvua huko juu joto la mwili wake humwishia; hutetemeka, kisha fahamu zake hulegea, asiweze kujiokoa.

Ziwa nalo lina hila yake. Katika mwezi wa Mei hewa imekwisha kupata joto, lakini maji yangali na baridi, maana maji mengi hupata joto polepole. Mtu ajitupaye humo kwa ghafula huhema pasipo kutaka, na akivuta maji badala ya hewa, hufa maji hata kama ni hodari wa kuogelea.

Kwa sababu hizo michezo hii huwa na matayarisho mengi. Katika mbio ndefu za milimani desturi ni kumtaka kila mkimbiaji achukue koti lisilopenya maji, ramani, filimbi na chakula. Waogeleaji huvaa mavazi mazito ya mpira na kofia za rangi kali ili waonekane, nao walinzi huwaangalia kutoka katika mashua.

Tena huko Keswick kuna kikosi cha waokozi wa milimani, kilichoanzishwa mwaka 1947, baada ya mtu kuumia katika mlima Great Gable mwaka uliotangulia. Waokozi hao hawalipwi mshahara. Ni watu wenye kazi zao, nao wakiitwa, hata usiku wa manane, huziacha wakapanda kumtafuta aliyepotea au aliyevunjika mguu.

Twaona, basi, kwamba furaha ya tamasha hili haikutoka katika ushujaa peke yake, bali katika kuijua hatari na kujitayarisha. Ninyi vijana mwendao kupanda mlima au kuoga ziwani, mwambieni mtu wa nyumbani njia mtakayoshika na saa ya kurudi. Chukueni nguo ya baridi. Ingieni majini taratibu, wala msiende peke yenu. Na wingu likishuka, msione haya kurudi. Kilele kitakuwapo kesho. Wazee walisema, mdharau mwiba mguu huota tende.