Je, Wajua? Kila Risasi na Hesabu Yake

Je, wajua kwamba risasi ya .22, ambayo ganda lake ni jembamba kuliko penseli na ndiyo inayowekwa mikononi mwa wanaojifunza, inaweza kwenda zaidi ya kilomita moja na nusu? Ipime ukiwa Buhongwa, hapa Mwanza. Simama juu ya kilima chochote cha mawe, halafu tazama chini: nyumba, maduka, shule, barabara kuu iendayo Shinyanga, vyote vimo ndani ya umbali huo. Kwa hiyo uwanja wa shabaha ukipangwa, la kwanza kuulizwa ni kuna nini nyuma ya shabaha. Bunduki inafuata baadaye.

Je, wajua kwamba mwamba ni kinga mbaya? Mgeni akifika Mwanza na kuona mawe yalivyorundikana hudhani hapo ndipo pa kujengea uwanja. Sivyo. Risasi ikigonga jiwe hupasuka vipande, au huparaza na kuruka upande ambao hakuna aliyeutarajia. Kinachoizuia ni tuta nene la udongo au mchanga uliochekechwa, usio na mawe ndani. Na asije mtu akasema "tupige kuelekea ziwani, huko hakuna watu". Risasi ikifikia maji kwa pembe ndogo hudunda juu yake kama kijiwe bapa wanachorusha watoto ufukweni. Tena ziwani watu wapo: kuna wavuvi, kuna mitumbwi.

Bendera nyekundu ikipandishwa kwenye viwanja vya kijeshi, maana yake watu wanapiga, usisogee. Ni desturi ya miaka mingi, na bado inafaa kuliko tangazo refu.

Je, wajua nani ana mamlaka ya kusimamisha upigaji? Yeyote. Kwenye viwanja vingi duniani anayetoa amri ya kuanza ni msimamizi peke yake, lakini amri ya kuacha inaweza kutolewa na mtu yeyote aliyeona hatari, hata aliyeingia uwanjani kwa mara ya kwanza. Akipaza sauti, wote wanaacha, wanatoa risasi kwenye silaha na kurudi nyuma ya mstari. Nadhani hii ndiyo kanuni bora kuliko zote zilizotungwa katika mchezo huu.

Tuje kwenye sheria ya nyumbani. Tanzania Bara inatumia Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Angalia jina lake: silaha na risasi. Kukutwa na risasi bila kibali ni kosa hata kama bunduki huna, na mashtaka ya aina hiyo hufunguliwa chini ya sheria ya uhujumu uchumi. Gobore nalo limo. Wapo wanaoamini kwamba gobore la babu, kwa kuwa limetengenezwa kijijini na hushindiliwa baruti kwa mdomo wa mtutu, halihitaji leseni. Linahitaji, na wengi wameingia matatani kwa imani hiyo.

Je, wajua kwamba safari ya leseni huanzia kwa majirani? Ombi hupitia serikali ya mtaa au kijiji, likapanda ngazi za kamati za ulinzi na usalama kabla ya kufika polisi makao makuu. Ada hulipwa, lakini fedha haziwezi kuziba pengo la mwenyekiti wa mtaa aliyesema kwamba fulani akilewa hashikiki. Ndivyo inavyopaswa kuwa. Mwaka 2016, polisi walipoendesha uhakiki wa silaha nchi nzima, hata Rais John Magufuli alihakiki za kwake.

Na sasa kidogo historia, kwa sababu udhibiti wa risasi katika nchi hizi ni wa zamani kuliko wengi wanavyodhani. Julai 1890 mataifa yalitia saini Mkataba wa Brussels, uliokataza kuingiza bunduki za kisasa na risasi zake katika Afrika yote iliyo kati ya nyuzi 20 kaskazini na nyuzi 22 kusini mwa ikweta. Buhongwa ipo kama nyuzi mbili na nusu kusini, kwa hiyo ilikuwa katikati kabisa ya eneo hilo. Kilichoruhusiwa kuuzwa kwa Waafrika, tena kwa masharti, ni bunduki za jiwe la kiberiti zisizo na mikunjo ndani ya mtutu, pamoja na baruti ya kawaida. Mkataba huo ulisifiwa kuwa wa kupiga vita biashara ya utumwa, na sehemu yake ilikuwa hivyo kweli. Lakini bunduki za kisasa zilibaki mikononi mwa wakoloni, na miaka michache baadaye zikaelekezwa kwa wenye magobore na mishale. Mtu akijiuliza kwa nini gobore lilidumu vijijini vizazi vyote hivyo, aanzie hapo.

Turudi nyuma zaidi, kabla ya mkataba huo. John Hanning Speke, aliyeliona Ziwa Victoria kutokea Mwanza mwaka 1858, alirudi upande wa Buganda mwaka 1862 na kumpa Kabaka Mutesa bunduki. Speke mwenyewe aliandika kwamba Kabaka alimkabidhi mtumishi kijana mojawapo, akamtuma nje akaijaribu kwa kumpiga mtu, na kijana akarudi na furaha ya aliyefanikiwa. Jina la aliyeuawa Speke hakulijua, na hakuona aliyejali kulijua.

Je, wajua kwamba vita ya Kagera ya 1978 na 1979 iliacha silaha nyingi mikononi mwa raia wa Kanda ya Ziwa? Wezi wa ng'ombe walizitumia, na hasira ya wafugaji ikazaa jeshi la jadi la sungusungu, lililoanza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walilinda kwa pinde na mishale dhidi ya watu wenye bunduki.

Haraka haraka sasa, risasi ngapi zinaruhusiwa?

Kenya, hati ya silaha hutaja idadi ya risasi ambazo mwenye nayo anaruhusiwa kununua na kuwa nazo kwa wakati mmoja. Afrika Kusini, sheria ya mwaka 2000 inaweka kikomo cha risasi 200 kwa kila silaha yenye leseni, ila risasi zinazonunuliwa na kupigwa palepale kwenye uwanja uliosajiliwa hazihesabiwi. Kipengele hicho kina akili: kinamshawishi mpigaji aache risasi uwanjani badala ya kuzipeleka nyumbani. Uingereza, sheria ya 1968 ilimruhusu mwendesha kiwanja kidogo kuwa na bunduki za upepo na bunduki ndogo zisizozidi kipenyo cha inchi .23 bila cheti.

Kwa wawindaji wa Tanzania mambo hugeuka: risasi ikiwa ndogo mno ndiyo inayokatazwa. Kwa tembo, nyati au simba, bunduki isiwe chini ya .375, kwa sababu mnyama aliyejeruhiwa bila kufa ni mateso kwake na hatari kwa kijiji kitakachokutana naye kesho.

Ada? Viwanja vya biashara hutoza nafasi ya kupigia kwa saa, kukodi bunduki na risasi zenyewe, na mara nyingi aliyekodi bunduki hulazimika kununua risasi hapohapo, wala haruhusiwi kuja na zake. Msiione kama tamaa ya mfanyabiashara peke yake. Risasi iliyojazwa upya nyumbani kwa baruti kupita kiasi inaweza kupasua mtutu usoni mwa mpigaji. Uswisi ina utaratibu wake: askari wa akiba wenye wajibu wa kupiga shabaha kila mwaka hupewa risasi 20 za zoezi hilo bila malipo.

Je, wajua kwa nini mhudumu wa uwanja huipitisha sumaku juu ya risasi zako? Anatafuta chuma. Risasi yenye kiini cha chuma huharibu mabamba ya kuzuia na hutoa cheche. Risasi za kuwaka moto, zile zinazoacha mstari wa mwanga, hukatazwa karibu kila uwanja wa kiraia, na wakati wa kiangazi nyasi hazisamehi hata risasi ya kawaida. Septemba 2010 mazoezi ya bunduki nzito kwenye kambi moja ya Utah, Marekani, yaliwasha moto uliovuka uwanja na kuteketeza nyumba za watu.

Risasi yenyewe ni madini ya sumu. Baada ya kupiga, nawa mikono na uso kabla ya kugusa chakula, wala usiingie na nguo zilezile kumpakata mtoto. Madhara kwa ubongo wa mtoto hayarudi nyuma.

Hili la sumu linatugusa watu wa ziwani kwa njia nyingine. Bata na ndege wengine wa majini humeza vijiwe ili firigisi isage chakula, na hawawezi kutofautisha kijiwe na marisau, yaani punje ndogo za risasi, yaliyozama matopeni. Marisau machache yanatosha kumuua ndege. Tanzania ni mwanachama wa mkataba wa ndege wa majini wanaohama kati ya Afrika, Ulaya na Asia, ambao uliwataka wanachama wajitahidi kuacha marisau ya risasi kwenye ardhi oevu kufikia mwaka 2000. Denmark iliyapiga marufuku kabisa mwaka 1996, na Umoja wa Ulaya ukayakataza kwenye ardhi oevu kuanzia Februari 2023. Ndege wanaotua Ziwa Victoria wakitokea huko ni walewale.

Kwenye Olimpiki, nukta ya alama kumi ya bunduki ya upepo ina upana wa nusu milimita tu, na mpigaji yuko mita 10. Nguo za mabaka ya kijeshi haziruhusiwi.

Je, wajua risasi za Tanzania hutengenezwa wapi? Shirika la Mzinga, Morogoro, lililoanzishwa mwaka 1974. Kenya ina kiwanda chake Eldoret. Tako la ganda kwa kawaida hugongwa alama za kiwanda na mwaka, na ndiyo sababu wapelelezi hupiga magoti kuokota maganda kabla ya kitu kingine.

Wewe usiokote. Novemba 8, 2017, katika Shule ya Msingi Kihinga wilayani Ngara, mkoani Kagera, mwanafunzi alifika shuleni na kitu alichodhani ni chuma chakavu cha kuuza. Lilikuwa bomu la mkono. Wanafunzi watano walikufa na makumi wakajeruhiwa. Kilo ya chuma chakavu ina bei, watoto wanaijua bei hiyo, na wanunuzi wapo kando ya kila barabara. Ukichimba msingi Buhongwa ukakuta risasi, ganda zima au chuma chenye umbo usilolijua, usikigonge, usikibebe, usikifukie. Weka alama kwa mbali, zuia watoto, mpigie mwenyekiti wa mtaa au polisi kwa namba 112, halafu kaa hapo mpaka wafike.