Kasoro za kompyuta: ipi izibwe kwanza?

SEPTEMBA 7, 2017 hisa za Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza kumbukumbu za mikopo ya watu, zilifunga soko zikiwa na bei ya karibu dola 143. Baada ya soko kufungwa, kampuni ilitangaza kuwa wezi wameingia katika kompyuta zake. Watu walioibiwa kumbukumbu zao walihesabiwa baadaye kufikia milioni 147. Ilipofika Septemba 15, hisa hiyo iliuzwa kwa karibu dola 93. Mwenye hisa 100 alikuwa amepoteza takriban dola 5,000 katika siku sita za soko.

Tundu walilopitia wezi lilikwisha kujulikana. Lilikuwa katika Apache Struts, programu ya kuendeshea tovuti, na rekebisho lake lilitolewa bure mwezi Machi, miezi miwili kabla ya wizi kuanza.

Wenye hisa wanaweza kushangaa kampuni tajiri inashindwaje kuziba tundu linalojulikana. Sehemu ya jibu ni wingi. Mwaka 2024 peke yake kasoro mpya zipatazo 40,000 ziliandikishwa katika orodha ya kimataifa ya CVE. Kila rekebisho hutaka kujaribiwa, na pengine mtambo kuzimwa. Mtambo ukizimwa, mauzo nayo husimama.

Kwa miaka mingi mwongozo umekuwa alama za CVSS, kuanzia 0 hadi 10, zinazopima ukali wa kasoro. Lakini mtu wa bima haulizi tu moto ukitokea hasara itakuwa kiasi gani. Anauliza pia kama kuna dalili za moto kutokea. Swali hilo la pili ndilo linalojibiwa na EPSS, hesabu iliyoanza kutolewa kwa umma mwaka 2021 na FIRST, umoja wa vikosi vya usalama wa kompyuta duniani.

Hapa kompyuta hufundishwa kwa mifano. Hupewa kumbukumbu za mashambulizi yaliyokwisha kuonekana pamoja na sifa za kila kasoro: programu iliyomo, umri wake, na kama mbinu ya kuitumia imeshatangazwa hadharani. Kila siku hutoa makadirio ya uwezekano wa kasoro kushambuliwa ndani ya siku 30.

Tarakimu za FIRST zinavutia. Oktoba 1, 2023 zilichukuliwa kasoro 139,473, na katika siku 30 zilizofuata 3,852 kati yake zilishambuliwa. Kampuni ambayo ingeziba kila yenye alama 7 na zaidi za CVSS ingeshughulikia kasoro 80,024, na 3,166 tu kati yake ndizo zilizoshambuliwa. Ambayo ingefuata EPSS, kwa kuziba zile zenye uwezekano wa asilimia 10 na zaidi, ingeshughulikia 3,735 tu, na 2,435 kati yake zilishambuliwa kweli.

Ni kazi ndogo mno kwa mavuno makubwa, lakini bei yake ipo: kasoro 1,417 zilizoshambuliwa zingebaki wazi, wakati kwa njia ya zamani zingebaki 686. Aidha, hesabu hiyo haijui kama kasoro iko kwenye kompyuta ya mapokezi au kwenye ile inayoshika fedha za wateja. Hilo ni la kampuni yenyewe kulijua.

Na Equifax haikukosa onyo. Kasoro ile ilikuwa na alama 10 kamili, na mashambulizi yalionekana siku chache tu baada ya kutangazwa. Ndani ya kampuni barua ilitumwa kutaka rekebisho liwekwe katika saa 48. Ukaguzi uliofuata haukuuona mtambo wenye kasoro, na mtambo ukaachwa hivyo hivyo. Julai 2019 kampuni ilikubali kulipa kati ya dola milioni 575 na 700 kumaliza madai.