Mirbat: Mji ulio chini ya Jabal Samhan, na majina yanayosomwa Lamu

Na Mwandishi Wetu, Salalah

Sikwenda Mirbat kutalii. Nilitumwa na mama yangu.

Mama yuko Lamu, magoti yamemchoka, na safari ya ndege haiwezi tena. Tangu utotoni amekuwa akisikia katika Fatiha za kuwarehemu wazee wa kisharifu jina la "Sahib Mirbat", na kwa miaka mingi alidhani Mirbat ni jina la mtu. Nilipomweleza kuwa ni mji, tena uko Oman hii hii ninayofanyia kazi, alinyamaza kidogo kisha akasema: "Basi wangoja nini, mwanangu?"

Kutoka Muscat hadi Salalah ni kama kilomita 1,000 za jangwa kwa gari, kwa hiyo wengi hupanda ndege. Ukitoka Salalah unashika barabara ya mashariki, bahari ikiwa mkono wa kulia na milima ya Dhofar mkono wa kushoto. Unapita Taqah, kisha magofu ya Sumhuram, bandari ya kale ya ubani iliyotiwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000. Baada ya kilomita 70 hivi mlima unasimama wima kama ukuta. Huo ndio Jabal Samhan, wenye urefu wa zaidi ya mita 1,800, ambako chui wa Arabuni bado anaishi. Chini yake, ufukweni, ndipo ilipo Mirbat.

Wenyeji hueleza kuwa jina la mji limetokana na mahali pa kufungia farasi, kwani farasi walisafirishwa kutoka pwani hii kwenda kuuzwa Bara Hindi. Ibn Battuta, alipoondoka Kilwa mwaka 1331, alivuka hadi Dhofar na akaitaja biashara hiyo. Hivyo njia ya kutoka kwetu kuja huku si ya jana. Hata neno letu ubani ni luban ya Waarabu.

Siku hizi utajiri wa Mirbat ni samaki. Dagaa huvuliwa kwa wingi, na pwani hii hadi Hasik ndiko wanakopatikana sufeilah, wale konokono wa baharini wa bei kubwa ambao msimu wa kuwazamia huruhusiwa kwa siku chache tu.

Nilizunguka mji wa zamani kwa miguu. Ngome imekarabatiwa vizuri. Nyumba za wafanyabiashara wa zamani ndizo zinazosikitisha: ghorofa mbili tatu, madirisha ya mbao zilizonakshiwa, na nyingine zimebaki kuta tu, paa limeshaanguka ndani. Mtu wa Lamu au wa Mji Mkongwe hahitaji kuelezwa yanavyokwenda mambo hayo. Warithi wanakuwa wengi, wanahamia nyumba mpya, na mvua inafanya kazi yake. Kwa maoni yangu, ngome iliyopakwa rangi haitoshi kuitwa mji wa kihistoria ikiwa nyumba walizoishi watu zinaachwa zife.

Wageni wa Kiingereza huja hapa kwa sababu nyingine. Alfajiri ya tarehe 19 Julai 1972, wakati wa vita vya Dhofar, wapiganaji zaidi ya 200 waliushambulia mji huu chini ya mawingu ya kharif, wakitaraji kuwa ndege hazitaweza kuruka. Waingereza wa kikosi cha SAS walikuwa tisa. Talaiasi Labalaba, mzaliwa wa Fiji, alijeruhiwa lakini akaendelea kupiga mzinga hadi akauawa. Baadaye ndege za kivita zilifika na mashambulizi yakavunjika. Vitabu vingi vya Kiingereza vimewasifu wale tisa, na wanastahili. Askari wa Dhofar waliokuwa ngomeni hutajwa kwa kupita tu, na waliokuja kutoka mlimani, wengi wao Wadhofari vilevile, hawatajwi hata kwa majina.

Nyuma ya mji, njia ya kupanda mlimani inakupeleka Wadi Hinna. Nilishuka garini nikabaki nimeduwaa: mibuyu! Mibuyu ile ile ya kwetu, minene, imesimama bondeni katika bara la Arabu.

Ziara yenyewe iko nje kidogo ya mji, katikati ya makaburi ya zamani: jengo jeupe lenye makuba mawili. Hapo amelazwa Muhammad bin Ali, aliyetoka Tarim, Hadhramaut, akafia Mirbat katika karne ya 12. Masharifu wa Ba Alawi wote ni kizazi chake, wakiwemo akina Jamalilail wa Lamu na akina bin Sumeit wa Unguja.

Niliingia, nikasoma nilichotumwa kusoma, nikatoka nje kumpigia mama simu. Nilimweleza makuba, mlima, mawe ya makaburi yaliyochongwa. Aliniuliza kama nimevua viatu. Kisha akataka kujua kama bahari iko mbali.

Nikamwambia iko karibu, upepo wake unafika pale niliposimama. Akasema nisikate simu kwanza, ausikie.