Drafti ya FPL: Panga orodha mapema, ama ulipie wenzako nyama

ILIKUWA Agosti 2024, saa mbili usiku. Tulikuwa wanane, kila mtu na simu yake, tayari kugawana wachezaji wa Ligi Kuu ya Uingereza (EPL). Mimi nilikuwa chumbani kwangu Kilimani, hatua chache kutoka Yaya Centre. Tulipofika raundi ya tatu, stima ikapotea. Wi-Fi ikazima, na simu haikuwa na bando. Niliporudi hewani, mtambo ulikuwa umenichagulia karibu kikosi kizima.

Kosa lilikuwa langu. Zamu yako ikipita kabla ya kuchagua, mtambo hukuchukulia jina la juu kwenye orodha uliyoipanga. Kama hukupanga yoyote, unafuata mpangilio wake. Mimi sikuwa nimepanga. Msimu ulipoisha Mei 2025 nilikuwa nimeshika mkia, na kwa sheria ya kikundi chetu, mwenye mkia hulipia wenzake nyama choma Kenyatta Market. Watu wanane, wiki ile ile ya kulipa kodi ya nyumba!

Kwa asiyeujua mchezo huu, si ile drafti ya vizibo vya soda inayochezwa chini ya mwembe. Kwenye Fantasy Premier League (FPL) ya kawaida unapewa pauni milioni 100 ununue wachezaji 15, na hata mkiwa milioni moja mnaweza kuwa na straika mmoja. Kwenye drafti hakuna pesa. Mnachagua kwa zamu, na mchezaji akichukuliwa, basi ni wa mtu mmoja tu. Zamu zinapinda kama nyoka: wa kwanza hadi wa nane, kisha wa nane hadi wa kwanza. Kila mtu huhitaji makipa 2, mabeki 5, viungo 5 na mafowadi 3. Mkiwa wanane, wachezaji 120 wanaondoka usiku mmoja.

Sasa, orodha upange kwa kigezo gani? Kikundini kwetu kila mtu ana lake.

Kuna wanaopanga kwa mapenzi. Shabiki wa Arsenal anajaza Arsenal, wa Manchester United vivyo hivyo. Kumwambia aache ni kama kumwomba mtu wa Gor amsifu straika wa Ingwe. Kuna wanaofuata bei za FPL ya kawaida, lakini bei hizo ziliwekwa kwa sababu ya bajeti, na kwenye drafti bajeti haipo.

Wengi hupanga kwa jumla ya alama za msimu uliopita. Ni mwanzo mzuri, ila una mitego miwili. Wa kwanza ni majeraha. Tuseme kiungo mmoja alipata alama 150 kwa mechi 38, na mwingine 100 kwa mechi 19. Jumla inamtaja wa kwanza, lakini kwa kila mechi yeye ana karibu alama 4 na mwenzake zaidi ya 5. Kama huyo wa pili amepona, ndiye unayemtaka.

Mtego wa pili ni kudhani jana itajirudia. Msimu wa 2024/25 Mohamed Salah alifunga mabao 29, akasaidia mengine 18, na kuzoa alama 344, rekodi ya FPL. Agosti 2025 nani angethubutu kumruka? Lakini kufikia mwanzoni mwa Desemba, kocha Arne Slot alikuwa amemwacha nje ya kikosi kinachoanza katika mechi tatu mfululizo za ligi. Kisha Desemba 21 Afcon ikaanza kule Morocco, na Salah alikuwa na Misri. Majeruhi huwezi kuwatabiri, lakini kalenda ya Afcon ilikuwa inajulikana mapema.

Nilipolipia nyama ile, rafiki yangu mmoja mhasibu alinionea huruma. “Bro, wewe unatafuta nani ni mkali. Swali si hilo. Jiulize nani hutampata tena zamu yako ikirudi.”

Alichukua kitambaa cha mezani cha karatasi akanichorea. Ukiwa wa tatu kati ya wanane, unachagua namba 3, halafu namba 14. Katikati wachezaji 10 wameenda. Tuseme una kiungo wa alama 200 na fowadi wa alama 190. Wengi watakimbilia kiungo. Lakini je, zamu ya 14 ikifika, utabaki na nani? Kama bado kuna kiungo wa 180, ukimwacha huyu wa sasa unapoteza alama 20 tu. Kama fowadi atakayebaki ni wa 130, ukimwacha huyu unapoteza 60. Chukua fowadi, hata kama alama zake ni chache.

Kwa hesabu hiyo hiyo utaelewa kwa nini kipa si wa kukimbiliwa. Klabu ni 20, na kila moja ina kipa mmoja wa kutegemewa. Watu wanane wanachukua makipa 16, kwa hivyo wanne wanabaki bure. Tena kipa wa timu dhaifu hupata alama moja kwa kila mipira mitatu anayookoa, jambo linalopunguza pengo kati yake na wa timu kubwa. Mafowadi ni kinyume. Mnahitaji 24, na klabu nyingi siku hizi huanza na straika mmoja. Hesabu inagoma mapema. Mabeki mnachukua 40, lakini kila klabu huanza na watatu au wanne, kwa hivyo wapo tele.

Agosti 2025 nilikuja na orodha ya majina 60 kwenye simu, bando limejaa. Nilikuwa wa tatu. Salah na Haaland walikuwa wameenda, nikamchukua Cole Palmer, aliyekuwa na alama 244 msimu wa 2023/24 na 214 uliofuata. Sikuona kiungo wa kiwango hicho ambaye angenisubiri hadi zamu ya 14. Zamu ya 14 na ya 19 nikachukua mafowadi wawili. Makipa niliwaacha hadi raundi mbili za mwisho, huku mwenzangu aliyechukua wake raundi ya nne akinicheka. “We, utadakiwa na nani?”

Palmer aliumia Septemba, akakaa nje zaidi ya miezi miwili. Hakuna orodha inayozuia hilo. Lakini safari hii sikuanguka naye, kwa sababu mafowadi wangu walikuwa wakicheza, wakati wengine walikuwa wakiokoteza mastraika wa benchi. Nilimaliza wa tatu.

Nyama ililipwa na yule aliyekuwa akinicheka. Tayari ameniandikia akitaka nimtumie orodha yangu ya msimu ujao. Nimemwambia nitampa ile ya msimu uliopita.